Mguu wa mama ulivimba bila kuuma, kumbe mifupa inavunjika ndani. Wenye wagonjwa wa kisukari nyumbani naomba msome

Mjukuu wa Tukuyu (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Hapa jukwaa la afya mimi ni msomaji zaidi kuliko mchangiaji, lakini hili limenikaa kooni. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Mama yangu ni mwalimu mstaafu, ana miaka 61, na kisukari anacho tangu 2009. Miguu ilianza kufa ganzi miaka sita hivi iliyopita. Mwanzoni alikuwa anasema anajisikia kama amevaa soksi na hajavaa. Baadaye ikafika hatua anatoka uani na kandambili mguu mmoja, ya pili imebaki mlangoni, na hana habari mpaka mtoto amwambie, "Bibi, ndala yako hii hapa." Tulicheka mwanzoni, kisha tukazoea.

Mwaka jana mwezi wa sita alienda msibani, akatembea kwenda na kurudi, njia yenyewe ya mawe. Hakujikwaa wala hakuteguka, au kama aliteguka hakujua. Siku mbili baadaye mguu wa kushoto ukavimba kuanzia katikati ya unyayo hadi kwenye kifundo. Hakuna kidonda, hakuna usaha, hakuna homa. Ukimuuliza unauma? Anasema, "Unanigonga kwa mbali tu, msinisumbue."

Kwa kuwa hauumi, tukaona siyo jambo kubwa. Hilo ndilo kosa letu na ndiyo sababu ya uzi huu.

Zahanati ya kwanza wakampa dawa za kuua bakteria, akameza wiki nzima. Uvimbe haukusogea. Tukaenda sehemu nyingine, wakasema gauti, aache nyama nyekundu na maharage. Akaacha. Uvimbe uko palepale. Jirani akashauri kuchua kwa maji ya moto na chumvi, tukachua jioni tatu. Jioni ya tatu tukaona malengelenge ukubwa wa sarafu juu ya mguu. Tumemuunguza mama yetu na yeye amekaa anaongea na wajukuu. Muda wote huo anapika, anafagia, Jumapili anaenda kanisani kwa miguu.

Wiki ya saba nilikuwa namfunga kidonda kile cha malengelenge. Nimeshika unyayo kwa chini, dole gumba langu likabonyeza katikati, nikahisi mifupa inasagana ndani. Inalia kabisa. Kama umebonyeza mfuko wa karanga zenye maganda. Nikautazama mguu vizuri kwa mara ya kwanza: ule upinde wa unyayo haupo tena, na pale penye upinde pametokeza kwa chini kama kitako cha mtumbwi.

Tulipopiga eksirei, mpiga picha akaniuliza pembeni, "Mama aliangukiwa na nini?" Hakuangukiwa na kitu chochote.

Daktari wa rufaa ndiye aliyeupa jina: mguu wa Charcot, inatamkwa Sharko. Mifupa ya katikati ya mguu imevunjika na viungo vimeachana, na mama anatembea juu yake wiki saba. Akafungwa plasta ngumu siku hiyohiyo.

Nina maswali mawili. Waliopitia hili, plasta mlikaa nayo muda gani? Na daktari ameniambia mishipa ya damu ya mama nayo imeanza kukakamaa, lakini kipimo cha presha ya mguuni kinasoma juu, siyo chini. Inakuwaje?

Kigamboni Feri

Pole sana mkuu, mama apone. Ila nisikufiche, kwetu mguu ukivimba hivyo bila jeraha tunasema mtu amekanyaga kitu. Umejaribu na upande huo? Hata kuchua nadhani mlikosa mtu mjuzi. Shangazi yangu alichuliwa na mafuta ya nyonyo akapona kabisa.

Mjukuu wa Tukuyu

Ahsante mkuu, najua unasema kwa nia njema na hata nyumbani yalisemwa hayohayo. Mimi sibishani na imani ya mtu. Ninachoomba ni kimoja: mnapotafuta huko, mgonjwa abebwe, asitembee. Na asichuliwe. Ule mguu una mifupa iliyovunjika, ukiuchua unaisogeza, na mwenyewe hawezi kukwambia basi inatosha kwa sababu hasikii.

Tabibu wa Mifupa, Dodoma

Mleta uzi pole, na hongera kwa kuandika. Nipo kliniki ya mifupa miaka kadhaa sasa na stori yako naijua karibu neno kwa neno: bakteria, gauti, kuteguka, na mara nyingine wanaambiwa damu imeganda mguuni. Mgonjwa anafika kwetu mguu umeshageuka mtumbwi.

Nieleze kwa lugha ya kawaida. Mguu mmoja una mifupa 26. Mimi na wewe mfupa ukipata ufa mdogo, maumivu yanatuweka chini. Tunachechemea, tunapumzisha, ufa unaziba. Aliyekufa ganzi anaendelea kukanyaga, ufa unakuwa mvunjiko, na kiungo cha jirani kinaachia. Hapohapo kuna mishipa ya fahamu mingine ambayo kazi yake ni kuamuru mishipa ya damu ijifunge au ifunguke. Nayo imeharibika, kwa hiyo damu inamwagika mfupani bila breki. Na uvimbe wenyewe unaziamsha chembe zinazokula mfupa. Kila mtu anazo, zinaondoa mfupa mkuukuu ili mpya ujengwe, lakini hapa zinakula kuliko kinachojengwa. Mfupa unalainika kama muhogo ulioiva, halafu juu yake kuna mtu wa kilo 80.

Ndiyo maana mguu wa Charcot ukiwa bado mbichi una joto. Siyo sukari inayokula mfupa moja kwa moja, ni ganzi. Charcot mwenyewe alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu Paris, na mwaka 1868 aliuona ugonjwa huu kwa watu ambao kaswende ilikuwa imeharibu uti wa mgongo. Kuunganishwa na kisukari kulikuja baadaye sana, mwaka 1936.

Sasa jambo ninalotaka kila mtu humu alishike. Vitabu vingi vinasema mguu unakuwa mwekundu. Kwa ngozi zetu usisubiri wekundu, huenda usiuone kabisa. Utaona ngozi inang'aa, imekazwa na uvimbe, pengine imekuwa nyeusi zaidi. Tumia mgongo wa mkono. Mgonjwa akae dakika kumi bila soksi wala viatu, kisha gusa mguu mmoja na mwingine mahali palepale: juu ya unyayo, kifundo, kisigino. Kliniki tuna kipimajoto cha kuelekeza kwenye ngozi, na tofauti ya zaidi ya nyuzi 2 za Selsiasi inatutia wasiwasi. Mguu mmoja ukiwa na joto kuliko mwenzake, una uvimbe, na mtu ana ganzi, tunautibu kama Charcot hadi ithibitike sivyo. Na msikubali kurudishwa nyumbani kwa sababu tu eksirei ni safi. Wiki za mwanzo picha inaweza isionyeshe kitu. MRI, ile picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku, inaonyesha mapema zaidi, ila najua bei yake na najua iko mikoa mingapi. Ikikosekana, mguu upumzishwe na eksirei irudiwe baada ya wiki chache.

Swali lako la presha nitalijibu nikitoka zamu.

Dereva Masafa

Mimi hapa ni shahidi. Miaka 54, kisukari miaka 14, nilikuwa naendesha lori hadi Tunduma na Kasumbalesa. Mguu wa kulia, ule wa mafuta, ulivimba nikiwa njiani nikasema ni kukaa sana.

Nimefungwa hogo jumla miezi minane. Ingekuwa mitano, na nitaeleza kwa nini siyo mitano.

Plasta ya kwanza ilipwaya ndani ya siku chache kwa sababu uvimbe ulipungua. Hii ni kawaida, inabidi ibadilishwe mapema, kisha kila wiki moja au mbili, na kila kubadilisha ni nauli na ni hela. Wiki ya tano nilikuwa nimeishiwa. Mguu umenywea, hauumi, nikajiambia nimepona. Nikaloweka plasta kwenye beseni usiku, nikaikata kwa kisu cha jikoni, asubuhi nikaenda kumsalimia bosi. Siku tisa baadaye mguu umevimba kuliko mwanzo, na safari hii mfupa mmoja ulisukumwa chini ukatoboa ngozi kutokea ndani. Kidonda kile kilikaa hadi Machi.

Kwa hiyo mleta uzi, mama akikwambia amepona, usimsikilize yeye wala usiangalie uvimbe peke yake. Joto ndilo linalosema.

Jambo jingine, mguu wa pili. Ukiwa na plasta uzito wote unahamia upande mzima, na ule nao una ganzi ileile. Mke wangu alikuwa anaupapasa kila usiku.

Nafula wa Busia

Salamu kutoka Kenya. Nimesoma hii thread nikakumbuka nyanya yangu. Yeye hakuwa na sukari, alikuwa na ukoma, na alikaa Alupe, hospitali ya ukoma hapa Busia, kabla sijazaliwa. Miguu yake ilikuwa hivyo hivyo: bapa, vidole vimefupika kama penseli iliyochongwa. Watu wakisema ukoma unakatakata vidole. Nilipoenda kusomea fiziotherapi ndipo nikaelewa kwamba vidole havikukatwa na ugonjwa wenyewe. Mishipa ya fahamu ilikufa, akawa anakanyaga makaa, anajikwaa, anapata vidonda vinavyofika mfupani, na mfupa unaliwa kidogo kidogo miaka na miaka.

Na hiyo plasta mnayoiongelea imetokea huko. Kulikuwa na daktari wa upasuaji Mwingereza, Paul Brand, aliyefanya kazi na wagonjwa wa ukoma Vellore, India, baadaye Carville kule Louisiana, Marekani. Alishikilia kwamba nyama ya mguu wa ganzi haijaoza wala si dhaifu, ila imepoteza mlinzi wake, yaani maumivu. Plasta inayokumbatia mguu wote, ambayo ilikuwa ikifunika vidonda vya wagonjwa wa ukoma, ikahamia kwa watu wa kisukari. Nyanya alifariki 2003. Kila nikifunga plasta ya mtu ninamwaza.

Mama Zai

Mimi langu ni fupi. Mama yangu mdogo anaishi Dar, ana ganzi. Aliamka asubuhi shuka lina damu, panya wamemtafuna kidole usiku, hakuamka. Tulidhani ni sisi peke yetu duniani yametupata. Ni kweli haya yanatokea kwa wengine?

Tabibu wa Mifupa, Dodoma

Mama Zai, pole, na hamko peke yenu. Profesa Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliandika kabisa katika majarida ya kitabibu kuhusu wagonjwa wa kisukari Tanzania wanaoumwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Abbas ni kati ya watu walioanzisha mradi wa kufundisha madaktari na manesi kuangalia miguu ya wagonjwa wa kisukari hapa nchini miaka ya mwanzo ya 2000, na mafunzo yale yakafuatwa katika nchi nyingi nyingine. Mama mdogo alale na soksi ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, na kidole kile kionwe na daktari hata kama kinaonekana kidogo.

Sasa mleta uzi, presha. Kipimo hicho kinachukua presha ya kifundo kinaigawa kwa presha ya mkono. Kati ya 0.9 na 1.3 ndiyo kawaida. Chini ya 0.9 damu haifiki vizuri. Kwa mwenye kisukari cha muda mrefu, ukuta wa mshipa wa damu unajaa chokaa, unakuwa bomba. Mpira wa kupimia presha unajazwa upepo na bomba halibonyei, mashine inasoma 1.4 na kuendelea. Asiyejua anasema damu iko vizuri sana. Tazama ile eksirei ya mama yako, hasa mwanya kati ya mfupa wa kidole gumba na wa pili. Mara nyingi utaona mistari miwili myeupe inakwenda sambamba kama reli. Hiyo siyo mifupa, ni mshipa wa damu. Mshipa wa kawaida hauonekani kwenye eksirei. Kwa watu hawa tunapima presha ya kidole, kwa kuwa mishipa midogo ya vidole huwa haijakakamaa sana.

Kwa nini inahusu plasta? Charcot wengi damu inafika vizuri, tena kupita kiasi. Lakini wapo wachache, na miaka inavyokwenda wanaongezeka, ambao ganzi ipo na mishipa imeziba. Ukimfunga plasta ya kubana mtu ambaye damu haifiki, unaweza kuua ngozi bila yeye kusikia. Kwa hiyo damu ipimwe kwanza, na kama ina shida plasta iwe na pamba ya kutosha na ifunguliwe mapema na mara nyingi.

Mjukuu wa Tukuyu

Daktari, nimeitoa picha kabatini nikaishikilia dirishani. Reli ipo. Iko palepale uliposema. Tumeitazama picha hii miezi mingi na hatukuiona.

Kigamboni Feri

Wakuu, naomba kuuliza kwa heshima. Nimesoma vyote. Baba yangu mkubwa yeye mguu wake ni wa baridi, siyo moto. Usiku unamuuma, anauning'iniza nje ya kitanda ndiyo anapata usingizi. Kidole kidogo kimekuwa cheusi kikavu. Anavuta sigara tangu ujana. Ni Charcot pia?

Tabibu wa Mifupa, Dodoma

Hapana kaka, huo ni ugonjwa tofauti na una haraka kuliko huu. Mguu baridi, maumivu ya usiku yanayopungua ukiuning'iniza, kidole cheusi: damu haifiki. Hapo mfupa hauvunjwi na kukanyaga, unakufa kwa njaa, na kidonda kikiufikia unapata maambukizi ambayo dawa hazifiki vizuri kwa sababu dawa husafiri kwa damu. Mzee apelekwe hospitali ya rufaa wiki hii, aonwe na daktari wa upasuaji kabla kidole kikavu hakijawa kibichi chenye harufu. Kikilowa na kunuka, au akipata homa, ni usiku huohuo. Maji ya moto, chupa ya moto, kuchua, kukata kile kidole nyumbani, vyote hapana. Na sigara iishe leo.

Kwa faida ya wengine: mwenye kidonda chini ya kidole au kisigino, tukichomeka kijiti safi cha chuma taratibu kikagonga kitu kigumu chini, tunashuku sana mfupa umeambukizwa. Charcot mpya kwa kawaida anakaa katikati ya mguu na ngozi haijatoboka. Ukiuinua mguu juu ya kiwango cha moyo dakika tano hadi kumi, uvimbe na wekundu wa Charcot hupungua, wa maambukizi hubaki. Siyo kipimo cha kuamulia peke yake, na yote mawili yanaweza kuwa kwenye mguu mmoja. Dereva Masafa ndiye mfano.

Kigamboni Feri

Nimekuelewa daktari. Nampigia binamu yangu sasa hivi. Mleta uzi naomba radhi kwa nilichoandika mwanzo.

Mjukuu wa Tukuyu

Mkuu usijali, sote tulianzia hapo. Tuletee habari za mzee.

Nilete mrejesho wa mama. Plasta amekaa nayo miezi sita na nusu, imebadilishwa mara 17. Tulipima joto kila alipofunguliwa: mwanzo tofauti nyuzi 5, mwezi wa tatu nyuzi 3, na mara tatu za mwisho chini ya 2. Picha inaonyesha mifupa imeshikana, ila imeshikana ilivyokaa, kile kitako cha mtumbwi kimebaki. Daktari amesema hapo ndipo kidonda kitatoka akivaa viatu vya dukani. Kuna upasuaji wa kuchonga mfupa uliotokeza, lakini kwa mishipa yake ya damu wanaona tusubiri.

Amepimiwa kiatu. Fundi aliyepimia alisoma pale TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya mifupa, KCMC Moshi. Alimkanyagisha mama kwenye boksi la povu, akaacha alama ya unyayo, ndipo ikatengenezwa soli ya ndani inayofuata ule mguu ulivyo. Soli ya nje ni ngumu, haikunjiki, ila imechongwa kwa mviringo mbele na nyuma ili mguu ubingirike. Mama aliuliza kama atapewa cha rangi ya kahawia, kifanane na mkoba wa kanisani. Amepewa.

Dereva Masafa

Mwambie aanze kwa saa moja asubuhi na saa moja jioni, kisha avue na mkague ngozi. Mimi nilivaa kutwa nzima siku ya kwanza nikapata lengelenge.

Msomaji Kimya

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Baba ana kisukari, mguu wa kushoto umevimba tangu wiki iliyopita, tumeambiwa ameteguka. Hauumi. Nimemkalisha dakika kumi bila soksi kama daktari alivyosema, nikagusa kwa mgongo wa mkono. Kulia pa kawaida. Kushoto pana joto kama paji la mtoto mwenye homa. Nimemwambia asinyanyuke, choo nitamsindikiza kwa kiti cha magurudumu tulichoazima kwa jirani. Tuko Singida. Daktari, kesho tukija Dodoma na basi la kwanza tutakukuta?

Tabibu wa Mifupa, Dodoma

Mtanikuta. Njooni na picha kama mlipiga, na viatu vyake alivyokuwa anavaa. Akae kiti ambacho ataweza kuunyoosha mguu, na kwenye kushuka abebwe.